Tulivyoosha Maiti Wakati wa Corona

Juzi tulipokuwa tukikata sanda barazani kwangu, mmoja wenu aliniuliza, "Bi Zena, hivi ile corona ilikuwa kweli, au ni maneno ya televisheni tu?" Wengine mkacheka. Mimi niliweka mkasi chini, nanyi mkadhani ni mgongo umenishika.

Ilikuwa hasira. Sikuwajibu siku ile kwa sababu mwenye hasira aliyeshika mkasi haaminiki. Leo nimetulia, si sana, lakini ya kutosha kusema. Basi vueni viatu, kaeni, na simu ziwekeni mbali.

Mnakuja kwangu kujifunza kuosha maiti wa kike. Kazi hii nimeifanya tangu nikiwa mke mchanga hadi mgongo uliponikatalia kuinama. Nimeosha wazee na vichanga, wenye majumba na waliolala kwenye ngazi za watu. Chuo chake ni mikono ya mtu aliyekutangulia. Mimi wangu alikuwa somo yangu aliyenifunda unyumba, Bi Tima, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mwenye viganja vipana kama vya seremala. Ukikosea hakukemei. Anakugonga kiwiko, kisha anafanya mwenyewe, polepole, ili uone.

Mnapenda kunisikia nikisimulia maiti wangu wa kwanza, basi nianzie hapo, maana mbele hakuna cha kuchekesha sana. Bi Tima aliniambia nimwinue marehemu mabegani ili yeye ambinye tumbo. Nikamwinua. Pumzi iliyokuwa imebaki kifuani ikapanda ikatokea kooni, ikalia kama mtu anayeamshwa usingizini. Mimi huyo. Nilitoka mbio mpaka Ndia Kuu, njia kubwa ya Mji wa Kale, sina buibui, nimejifunga kanga iliyorowa, miguu chini, mbele ya wauza vinyago na wazungu wao. Mzee mmoja mwenye duka akaniuliza, "Mwanangu, kwaungua wapi?" Nikamjibu, "Hakuungui. Maiti yuwasema."

Bi Tima alinifuata hadi kwenye kona. Hakucheka wala hakukasirika. Aliniambia tu, "Rudi. Maji yanapoa."

Nikarudi. Na siku ile akanifunza yale ninayowafunza nyinyi. Maji yawe vuguvugu, na uyajaribu kwa kiwiko, maana vidole vya mpishi vimezoea moto na vitakudanganya. Majani ya mkunazi yapondwe mpaka yatoe povu. Mwili usiachwe wazi hata mara moja. Mkono upite chini ya nguo. Tumbo libinywe kwa upole, kama unayemkanda mzazi aliyetoka kujifungua. Kafuri ni ya maji ya mwisho. Nywele zisukwe mikia mitatu. Na utakaloliona kwenye mwili wa mwenzako, kovu, jeraha, aibu yoyote, unalizika pamoja naye.

Mambo mengine yamebadilika. Zamani tulichimba ufuo ndani ya nyumba, shimo la kupokea maji, na kitanda kikawekwa juu yake. Kisha watu wakatandika marumaru na kupandisha maghorofa, na ufuo hauchimbiki ghorofa ya tatu. Tukahamia chumba cha msikiti, penye meza ya bati na mpira wa maji, ingawa wenye nyumba kubwa waliendelea kutuita kwao. Kisha zikaja glavu. Bi Tima alizikataa kata kata. Alisema, "Unamwosha mwenzako au unaokota taka?" Alifariki na msimamo wake, Mungu amrehemu. Mimi nilizivaa na sikuona ubaya, ila kila nikizivaa nilihisi kama yuko nyuma yangu anataka kunigonga kiwiko.

Sasa niwaambie kuhusu Riziki, kwa sababu nyinyi hamkumdiriki.

Riziki alikuwa mwenzangu katika kazi hii. Kwao ni bara huko, upande wa Kaloleni, Mgiriama aliyesilimu alipoolewa. Alikaa Majengo, na kila asubuhi alikaanga mahamri mlangoni pake na kuyauza na mbaazi. Mahamri yake yalijaa iliki. Ukipita ile ndia yao kabla jua halijapanda, pua yako ndiyo iliyokupeleka. Akimaliza kuuza, akiitwa, huja. Mrefu, mwenye nguvu, mcheshi hata pasipotakiwa ucheshi. Mimi nilishika kichwa, yeye miguu, na kwa miaka mingi hatukuhitaji kuambiana "inua" wala "geuza". Nikivuta pumzi alijua.

Corona ilipokuwa mbali ilikuwa kichekesho. Mabarazani watu walisema ni ugonjwa wa wageni wanaokula wadudu, kwetu jua litauchoma. Wengine wakasema tangawizi, ndimu na kitunguu saumu vyatosha, na bei ya tangawizi ikapanda kama ya dhahabu. Kisha madrasa zikafungwa. Kisha misikiti ikafungwa, na Ijumaa ile ya kwanza bila swala, Mji wa Kale ulinyamaza hata ukawasikia paka wakitembea juu ya mabati. Hapo kicheko kiliisha.

Wa kwanza kufa mtaani kwetu alikuwa Mwalimu Aziza, aliyekaa mkabala na mlango wangu. Nusu ya watu wazima wa mtaa huu walijulia alifu kwake. Alikohoa, wanawe wakampeleka hospitali, na siku chache baadaye wakapigiwa simu kwamba amefariki.

Nilifanya kama ninavyofanya siku zote. Nikachemsha maji, nikaponda mkunazi, nikakata sanda. Nikangoja aletwe. Nilingoja mpaka maji yakapoa, nikayachemsha tena, yakapoa tena. Kisha mpwa wangu wa kike akaingia na simu mkononi, uso umemwiva kwa kulia, akanionyesha picha za video mtu alizopiga kutoka nyuma ya ukuta wa makaburi.

Niliona watu waliovaa nguo nyeupe za plastiki wakimshusha Mwalimu Aziza kutoka kwenye gari, ndani ya mfuko. Walikuwa na haraka. Walimteremsha kwa kamba, kamba moja ikateleza, na upande wa kichwa ukatangulia ukagota chini. Hakuna aliyesimama kumweka sawa. Wanawe walikuwa wamezuiwa mbali, wameshikana mikono. Na walipomaliza, wale watu walivua glavu zao wakazitupa mle mle kaburini, juu yake, kisha wakafukia.

Nimeona vifo vingi sana. Sijawahi kuona vile. Mwanamke aliyewafunza watoto wetu wasikanyage hata karatasi yenye maandishi, akatupiwa taka kifuani.

Nilivaa buibui langu, nikafunga barakoa, nikaenda moja kwa moja kwenye hema walilopiga watu wa afya kupimia watu. Nilimkuta kijana mmoja amekaa kwenye kiti cha plastiki, macho mekundu kwa uchovu. Aliinuka aliponiona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mkubwa hapa?"

"Mkubwa yuko ofisini, mama. Mimi natumwa tu."

"Basi na mimi nikutume. Nenda kamwambie mkubwa wako kwamba Mwalimu Aziza alikuwa mtu."

Alitazama chini. Jina lake lilikuwa Katana, afisa wa afya, Mkristo wa kutoka Ganze. Nilitarajia anijibu kwa ukali nami nilikuwa nimejitayarisha, hata maneno nilikuwa nimeyapanga njiani. Badala yake alivuta kiti chake akanipa nikae, akasimama yeye.

"Mama, ile video nimeiona," alisema. "Wale si watu wangu, lakini tumevaa nguo moja, kwa hivyo naona haya. Hata kwetu maiti hatupwi. Ila usinitake nikuruhusu kumwosha mtu wa corona kwa mikono mitupu. Ugonjwa huu uko kwenye maji maji ya mwili. Utamwosha yeye, kesho nikuchukue wewe."

"Kufa nitakufa tu."

"Utakufa, lakini kabla hujafa utawapa wajukuu zako. Hilo utaniambia ni sawa?"

Nilikuwa na hasira zaidi, maana ni vigumu kugombana na mtu asemaye kweli kwa adabu.

Nikamwambia, "Sheria ya dini ina mlango. Pasipofaa maji, pana kutayamamu. Mnatuacha hata vumbi?"

Akaniuliza kutayamamu ni nini. Nikamweleza: unapiga viganja kwenye udongo safi, unampangusa maiti uso na mikono. Akafikiri. "Juu ya mfuko yaweza kufanywa?" Nikamwambia mimi si sheikh. Akasema, "Basi niletee sheikh, nami nitamleta mkubwa wangu."

Walikaa wakazungumza, masheikh na watu wa afya, na wakakubaliana. Ikawa tunaruhusiwa kutayamamu juu ya mfuko, jamaa wachache wanasali kwa umbali, na anayemteremsha maiti kaburini ni mtu wa kwao aliyevishwa kinga. Ilikuwa kidogo sana. Lakini hakuna tena aliyetupiwa glavu.

Ila ubaya ulikuwa umeshafanyika, na hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu hasira zangu si za serikali peke yake.

Ile video iliingia kila simu. Na mtaa, badala ya kuwafariji wana wa Mwalimu Aziza, uliwageuka. Muuza mkate aliwawekea mkate kwenye ngazi akarudi nyuma, kama anayelisha mbwa mkali. Jirani aliyekuwa akila mezani kwao kila Ramadhani aliziba dirisha linalotazama kwao kwa gunia. Mmoja wao alipopita, watu walivuka upande wa pili wa ndia ambayo, mnajua wenyewe, haina upande wa pili. Wale vijana walipimwa wakaonekana wazima, na hata hivyo hawakusalimiwa.

Basi watu wakajifunza somo. Walijifunza kuficha. Kikohozi kikakoholewa kwenye mto. Kila aliyekufa akawa amekufa kwa presha, kwa sukari, kwa kifua cha baridi. Nilikuwa nikimwambia Katana, "Wamefunzwa na glavu zenu," naye akinijibu, "Na majirani wao je?" Sote wawili tulikuwa na haki.

Kisha Mji wa Kale ukafungwa. Polisi kwenye kila mdomo wa ndia, hutoki huingii, maduka yamefungwa komeo. Riziki akabaki upande wake wa Majengo, mimi upande wangu. Alikuja mpaka kwenye kizuizi na mahamri ndani ya mfuko, akimbembeleza askari ampitishie "dadaangu yule mwembamba, atakufa njaa kabla ya corona." Askari akachukua mahamri mawili yake na kunipitishia yaliyobaki. Tulipigiana kelele kutoka mbali, yeye upande ule, mimi huku, watu wote wakisikiliza habari za mgongo wangu.

Tulipofunguliwa, Katana alituita sote tunaoosha maiti, wanaume na wanawake, akatufunza. Kwa wakati ule ilikuwa imeruhusiwa kuosha, mradi mwoshaji amevaa kinga kamili: gauni la plastiki, glavu mbili juu ya nyingine, barakoa nzito, kioo cha uso. Kuvaa ni rahisi. Kuvua ndiko kunakoua. Unaanza na glavu ya juu, unaikunja ndani nje, unanawa, unavua gauni ukilisokota mbali na kifua, unanawa, uso unaguswa mwisho kabisa. Riziki alipojitazama kwenye kioo cha gari la Katana, alisema, "Malaika wakituona hivi watadhani tumekuja kupuliza dawa ya kunguni." Katana alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akatupa kila wawili mfuko mmoja wenye kinga mbili tatu, akatusihi, "Msiuache nyumbani. Popote mnapoitwa, uwe nao."

Hatukuuacha.

Miezi ikapita. Watu wakachoka kuogopa. Barakoa zikashuka kidevuni, kisha zikaingia mfukoni. Harusi zikarudi. Ugonjwa nao ulikuwa haujaondoka, ulikuwa unavuta pumzi tu, na uliporudi ulirudi na nguvu kuliko mwanzo.

Asubuhi moja tuliitwa, mimi na Riziki, nyumba moja kubwa karibu na Ndia Kuu. Bibi wa nyumba, mwanamke mtu mzima, alikuwa amefariki alfajiri kitandani mwake. Aliyetupokea ni binti yake mkubwa, mwanamke aliyesoma, mwenye adabu, aliyenijua tangu nikimwosha nyanya yake. Alinibusu mkono. Nikampa makiwa ya msiba, kisha nikamuuliza mlangoni, kama Katana alivyotufunza.

"Mama alikuwa akiugua nini, mwanangu?"

"Presha, Bi Zena. Unajua presha yake ya miaka mingi."

"Hakukohoa?" Riziki akauliza.

"Hata."

"Wala homa?"

"Presha tu, mama. Imempanda ghafla." Alinitazama machoni alipokuwa akisema.

Mfuko wetu ulikuwa begani mwa Riziki. Aliuweka chini kwenye kona ya chumba, akatoa glavu na aproni, akaufunga tena. Maana kinga zilikuwa chache, na ukizitumia kwa presha, utavaa nini kwa corona?

Chumba kilikuwa na joto, madirisha yamefungwa na udi mwingi umechomwa. Siku ile mgongo ulikuwa umenikaza, kwa hivyo tulibadilishana: mimi nikashika miguu, Riziki kichwa. Alimwinua marehemu mabegani, akambinya tumbo, na pumzi ikatoka, na maji maji kidogo mdomoni, kama inavyotokea. Riziki alimpangusa kwa upole, uso wake karibu na uso wa yule bibi, akimwambia, "Pole, mama, pole, tunamaliza." Alikuwa na tabia hiyo, ya kuzungumza nao.

Tukamwosha vizuri. Tukamvisha. Maziko yakawa makubwa, watu wamejaa barazani hadi ndiani, bega kwa bega. Watu walisifu. Walisema, hivi ndivyo mtu anavyostahili kuzikwa.

Riziki alinipigia simu wiki iliyofuata, asubuhi, akilalamika. "Zena, yule Mhindi ameniuzia iliki iliyokufa. Nimetwanga kiganja kizima, haina harufu."

Nikamwambia, "Nusa kitunguu."

Nikasikia akitembea, akifungua kitu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Sisikii kitu."

Alifunga biashara siku hiyo hiyo, kabla hajauza hamri hata moja, akajifungia chumbani, akamwambia mumewe aweke chakula mlangoni. Hakuficha. Alimpigia Katana mwenyewe. Nataka mlijue hilo. Muuza mahamri wa Majengo, ambaye kusema kwake kulimaanisha kukosa wateja, alisema. Jirani zake nao, niseme na mazuri, hawakumtenga; walimwekea uji na supu ya kuku dirishani zamu kwa zamu.

Homa ilimshika, kisha pumzi. Walimpeleka hospitali kwa tuktuk, mumewe amemwegemeza kifuani. Vitanda vyenye hewa ya mtungi vilikuwa vimejaa. Katana alizunguka hospitali baada ya hospitali na simu sikioni mpaka akapata. Kitanda kilipopatikana, Riziki alikuwa hawezi tena kumaliza sentensi. Alifariki akiwa huko. Mimi nilipimwa, nikaonekana ninao pia, na mwilini mwangu haukufanya kitu zaidi ya mafua. Mungu ndiye ajuaye kwa nini.

Katana alikuja kunipa pole, akasimama nje ya dirisha langu. Alikuwa akifuatilia nani alimgusa nani. Nikamtajia nyumba zote tulizoosha. Nilipofika kwenye ile nyumba kubwa aliinamisha kichwa.

"Unalijua jambo," nilimwambia.

"Mama, sikutaka uambiwe na mtu mwingine. Yule bibi alikuwa amepimwa kwenye hospitali ya binafsi. Walijua. Majibu walikuwa nayo kabla hajafa."

Nilimwuliza mara mbili, kwa sababu masikio yalikataa. Walijua. Walikuwa wakimtilia hewa ya mtungi nyumbani, na mtungi waliutoa chumbani kabla hatujaingia. Ule udi wote ulikuwa wa kufunika harufu ya dawa.

Ruhusa ya kumtoa hospitali ilipotoka, nilikuwa nimeshapona, na nilimwosha Riziki mimi mwenyewe, pamoja na mpwa wangu. Tulivaa kila kitu. Nilipotaka kuyajaribu maji, kiwiko kilikuwa ndani ya plastiki. Vidole vilikuwa ndani ya glavu mbili. Ilinibidi nimwulize Katana aliyekuwa mlangoni ayaguse anieleze kama ni ya moto au ya baridi. Nilimwosha mwenzangu wa miaka yote ile bila kuihisi ngozi yake. Nilimsuka mikia mitatu, na ukungu umejaa kwenye kioo cha uso, sioni, nikimwambia, "Pole, tunamaliza," kwa sababu hakuwepo mwingine wa kumwambia.

Matanga yalikuwa Majengo, wanawake wachache wamekaa mikekani, madirisha wazi. Siku ya mwisho aliingia yule binti wa nyumba kubwa. Amevaa buibui zuri, amebeba mchele na sukari. Alikaa, akatoa makiwa, akasoma Qurani. Kisha akasogea kwangu kunibusu mkono. Nikauondoa.

"Mamako alikufa na nini?" nilimwuliza.

Wanawake waliacha kusoma.

"Bi Zena, si hapa."

"Ni hapa hapa. Mamako alikufa na nini?"

Aliwatazama wale wanawake. Akasema, "Corona."

"Na ulijua."

"Nilijua." Alianza kulia, lakini aliendelea, sitamnyima hilo. "Niliiona video ya Mwalimu Aziza. Mama aliiona pia. Alinishika mkono akaniapisha, akasema asitupwe namna ile. Nikaogopa nikisema, hamtakuja. Ningemwosha na nani?"

"Tungekuja."

"Nyote mnasema hivyo sasa."

"Tungekuja," nikamwambia. "Zile nguo zilikuwa kwenye mfuko. Mfuko ulikuwa chumbani mwa mamako, kwenye kona, Riziki aliuweka yeye mwenyewe. Ungetamka neno moja, tungevaa, mamako angeoshwa vile vile kwa maji na mkunazi na kafuri, na huyu mwanamke asubuhi hii angekuwa anakaanga mahamri."

Hakuwa akiujua mfuko. Nilimwona akielewa. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka mbele yangu vile, na wallahi sikumhurumia. Mume wa Riziki alikuwa amesimama ukumbini, amesikia yote. Alitazama ule mchele na ile sukari, akamwambia kwa upole, "Chukua, dada. Sisi tumeshakula." Yule binti aliinuka akavichukua akatoka.

Mume wa Riziki alimsamehe baadaye, aliniambia mwenyewe. Ni haki yake. Mimi sijafika huko. Chanjo zilipokuja nilimwona binti huyo kwenye foleni ya Katana pale hemani, mimi nikiwa mbele, kwa sababu nilikwenda siku ya kwanza, mtaa wote unione nikidungwa, kwa vile watu walikuwa wakisema sindano inageuza damu. Alinitolea salamu. Salamu ni deni, nikaipokea. Tangu hapo tunapokezana salamu na hatuongezi neno.

Katana alihamishwa, na hakuna aliyemfanyia hata chai ya kumuaga. Corona ikapungua ikawa kama mafua mengine, watu wakasahau upesi. Wamesahau mpaka mtu anakaa barazani kwangu, sanda mkononi, ananiuliza kama ilikuwa kweli.

Mmesikia nilivyosema kwamba aibu ya maiti tunaizika naye. Hilo lisibadilike. Lakini uongo wa walio hai si siri ya maiti, na nyinyi hamlazimiki kuubeba. Mtu akiwaita, ulizeni mlangoni. Akijibu haraka, ulizeni tena. Mwambieni kabla hajajibu: lolote utakalosema, tunaingia. Hilo hatukumwambia yule binti. Tuliuliza tu alikuwa akiugua nini, na mwenye hofu huliogopa swali asipojua kwamba jibu lolote litafunguliwa mlango. Hili nimelifikiri miaka hii yote, na halipunguzi hasira yangu kwake hata chembe, lakini nalisema kwa sababu ni kweli.

Na mmoja wenu ataniuliza ile nyumba ni ipi. Nimewaona mkitazamana. Sitawaambia. Pana wazee wengine mle ndani, na siku moja watu wa nyumba ile watafiwa tena na kumtuma mtu aje kuwaita. Mimi mgongo hauniruhusu. Mtakwenda nyinyi. Mkiijua leo, siku hiyo mmoja wenu atasema ana mgonjwa, mwengine ana safari, na maiti atalala bila kuoshwa. Sitaki mchague. Nataka mwende.